Kusomea mipango miji ukitokea Lamu au Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa pwani wanaofikiria kusomea mipango miji, na wa wale walio tayari chuoni ambao watarudi Amu au Malindi kukusanya data. Maswali hayakupangwa kwa daraja. Ruka ufike pale unapopahitaji.

Mpangaji miji anafanya nini hasa? Si ndiye soroveya?

Siye. Soroveya hupima mpaka ulipo na kuuwekea bikoni. Msanifu huchora jengo. Mpangaji hupendekeza ardhi itumike kwa nini: wapi pawe makazi, soko, barabara, shule, makaburi, jaa la taka, na kipi kitangulie. Barabara ikipita baada ya nyumba kujengwa, gharama yake ni fidia na kesi. Ikitangulia, gharama yake ni wino kwenye karatasi. Sehemu kubwa ya taaluma hii ni kupigania huo utangulizi.

Kuchora ramani kumo, lakini huja mwishoni. Anayeingia darasani kwa sababu anapenda kuchora hushangaa kukuta mwaka mzima wa sheria, takwimu na uchumi wa ardhi.

Nahitaji alama gani, na niombe chuo gani?

Kwa shahada Kenya, kiwango cha chini ni C+ ya KCSE, na nafasi za serikali hupitia KUCCPS, shirika linalogawa wanafunzi vyuoni. Ukiwa na C- unaweza kuanza na diploma kisha ukapanda. Hesabu na Jiografia ndizo zitakazokusaidia zaidi ukishaingia, lakini angalia masomo yanayotakiwa kwenye tovuti ya KUCCPS mwaka ule unaoomba, maana hubadilika.

Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho chenye historia ndefu: kilianza kufundisha somo hili kama shahada ya uzamili mwaka 1971. Maseno, Kenyatta na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya pia huandaa wapangaji. Ng'ambo ya mpaka kuna Chuo Kikuu cha Ardhi, Dar es Salaam, ambacho kina hadhi ya chuo kikuu kamili tangu 2007. Faida yake kwa mtu wa pwani ni kwamba istilahi za Kiswahili za taaluma hii zimekomaa zaidi Tanzania kuliko kwetu.

Kabla ya kulipa ada popote, uliza swali moja: shahada hii inatambuliwa na bodi inayosajili wapangaji Kenya? Kuna shahada zenye majina yanayokaribiana, za mazingira, za maendeleo, za usimamizi wa ardhi, ambazo ni nzuri zenyewe lakini huenda zisikufikishe kwenye usajili. Usiulize ofisi ya udahili peke yake. Iulize na bodi yenyewe.

Miaka minne inasomwa nini, na watu huangukia wapi?

Mwaka wa kwanza ni utangulizi: jiografia ya watu, uchoraji, takwimu za msingi, historia ya miji. Wa pili na wa tatu ndio wenye uzito: sheria ya ardhi, usafiri, makazi, miundombinu, mifumo ya taarifa za kijiografia, na studio. Wa nne ni tasnifu na studio kubwa ya mwisho. Katikati yake kuna mafunzo ya kazini, ambayo wengi wetu huyafanya kwenye ofisi ya kaunti.

Studio ndiyo huangusha watu. Ni kazi ya kikundi, ina tarehe ya kuwasilisha, na haijibiki kwa kukariri. Kosa la kawaida ni kikundi kutumia wiki nyingi kukusanya kila kitu kuhusu eneo, idadi ya miti, aina za maduka, rangi za mapaa, halafu zikabaki siku chache za kuamua nini kifanywe. Andikeni swali la mpango kwanza, kwa sentensi moja. Kila data isiyojibu swali hilo iacheni, hata kama ni tamu.

"Masuala ya kisasa ya miji" ndiyo yapi? Na kwa nini mifano ya Lamu na Malindi?

Darasani utasikia orodha: mitaa isiyo rasmi, mabadiliko ya tabianchi, usafiri, makazi nafuu, ugatuzi, miradi mikubwa, urithi wa kale, ushirikishwaji wa umma. Miji mingi ina mawili matatu kati ya hayo. Lamu ina karibu yote ndani ya kaunti ambayo sensa ya 2019 iliipa watu 143,920.

Mradi wa LAPSSET, wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, ulizinduliwa Lamu Machi 2012, na gati ya kwanza ya bandari ikaanza kazi Mei 2021. Mpango mzima unataja gati 32. Zilizojengwa mwanzo ni tatu. Kwa mwanafunzi, pengo hilo kati ya 3 na 32 ndiyo mada yenyewe. Watu walinunua ardhi, wakajenga na wakahamia kwa kutegemea 32. Mji uliopangiwa bandari ambayo haijafika unafanya nini na barabara, maji na ploti zake leo?

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi huo. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa Lamu, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Soma hukumu zote mbili mwenyewe, usitosheke na muhtasari wa gazeti. Zinafundisha ushirikishwaji vizuri kuliko mihadhara mingi: mikutano mingi inaweza kufanyika na bado isihesabike, ikiwa watu waliitwa kabla ya ripoti ya athari kuwepo mikononi mwao.

Malindi ina mambo mengine: mji wa utalii uliokua upesi kuliko mabomba yake, ufuo ulioingiwa na uzio, mchanga na tope la Mto Sabaki, na ardhi yenye historia ngumu. Kuhusu hiyo ardhi, swali linalofuata.

Kwa nini kila mada ya pwani huishia kwenye ardhi?

Kwa sababu ya 1908. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila mwenye madai alitakiwa ayasajili. Waliojua, waliokuwa na karatasi na waliofikia ofisi walipata hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji. Wagiriama na wengine wengi ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, haina karatasi, walijikuta ni wageni juu yake, na wajukuu wao ndio tunaowaita maskwota.

Kutoka hapo tukapata kitu ambacho vitabu vya nje havikielezi vizuri: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta na paa, anamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, na anaweza kuirithisha au kuiuza nyumba lakini si chini yake. Juu ya hayo kuna ardhi ya wakfu, ambayo haiuzwi, na mwenye hati anayeishi mbali ambaye hajaonekana miaka mingi.

Kwa hiyo hojaji yako ikiuliza "Je, unamiliki nyumba yako?" utapata "ndiyo" nyingi zisizo na maana. Uliza mara tatu: Nani alijenga nyumba hii? Ardhi iliyo chini yake ni ya nani? Unamlipa mtu yeyote kwa kukaa hapa, na kwa karatasi gani? Mji wa kale wa Lamu ongeza la nne: orofa ya juu na ya chini ni za mtu mmoja? Mara nyingi sizo.

Nipe mfano wa tatizo la mipango ninaloweza kulipima mwenyewe.

Chukua ploti ya hamsini kwa mia, ile inayotangazwa kila siku Malindi. Futi 50 kwa 100 ni karibu mita 15.2 kwa 30.5, yaani mita za mraba 465. Mwongozo wa afya unaotumika sana unataka kisima kiwe angalau mita 30 kutoka choo cha shimo au septiki.

Ndani ya ploti hiyo umbali mrefu kabisa ni wa pembe kwa pembe: mita 34. Basi inawezekana, kwa shida, kisima kikae pembe hii na choo pembe ile, nyumba katikati. Lakini jirani naye ana choo, na wa nyuma, na wa ng'ambo ya njia. Duara la mita 30 kuzunguka kisima lina eneo la mita za mraba 2,827. Hizo ni ploti sita. Kisima kimoja salama kinadai ploti sita zisizo na choo, na hakuna anayeuza ploti hivyo. Ongeza kwamba chini ya Malindi ni mchanga na mwamba wa matumbawe wenye matundu. Maji machafu hayachujwi polepole kama kwenye udongo mzito.

Kwa hiyo ploti zinapokatwa kwa ukubwa huo kabla bomba halijafika, mkataji ameshaamua, bila kujua, kwamba visima vya mtaa vitachafuka. Kosa liko kwenye mchoro wa ugawaji, si kwa anayechimba choo.

Namna ya kulipima: chagua eneo la hekta moja au mbili, Maweni, Muyeye au Barani. Kwa GPS ya simu weka alama kila kisima na kila choo au septiki. Simu hukosea mita 3 hadi 5 penye uwazi na zaidi chini ya miti, kwa hiyo jozi zilizo karibu zipime kwa futikamba. Ndani ya QGIS, programu ya kutengenezea ramani, chora duara la mita 30 kuzunguka kila kisima, kisha hesabu vyoo vilivyoangukia ndani. Chukua sampuli za maji chache kutoka visima vibaya na visima vizuri, uzipeleke maabara zipimwe vijidudu vya kinyesi. Ramani moja, jedwali moja, na una sura nzima ya tasnifu.

Hesabu nyingine ya karibu na hiyo ni ya ekari kumi. Ekari 10 ni mita za mraba 40,469. Dalali hugawanya kwa 465 akapata ploti 87. Mpangaji hutoa kwanza barabara, uwanja, msikiti au shule. Ukitoa asilimia 30, zinabaki ploti 61. Tofauti ya ploti 26 ndiyo inayogombaniwa kwenye kila ugawaji, na ndiyo sababu utaona mitaa ambayo gari la kunyonya vyoo haliwezi kuingia.

Mji wa kale wa Lamu hautimizi kiwango chochote cha barabara. Ni mji mbaya?

Mwongozo wa upangaji Kenya unataka njia ya kuingilia ploti chache ianzie mita 9. Vichochoro vya Mkomani vingi havifiki hata mita 3. Ukiupima mji huo kwa mwongozo, ungepaswa kuubomoa, na UNESCO isingeuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001.

Jibu la maana ni kuuliza kiwango kile kilitungwa kwa ajili ya nini. Mita 9 ni za gari. Lamu ilipangiwa mtu, punda na kivuli. Kichochoro chembamba chenye kuta ndefu hukingwa jua sehemu kubwa ya siku. Wikio juu ya njia huunganisha nyumba za jamaa bila wanawake kulazimika kushuka barabarani. Daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na baraza huweka mgeni mahali pake kabla hajaingia ndani. Upana wa chumba umetokana na boriti ya mkoko, ambayo haivuki mita 3 kwa uzuri. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba.

Lakini usiupambe mji kupita kiasi. Kiwango kile kina sababu nyingine ambazo Lamu haijazishinda: moto, mgonjwa na taka. Gari la zimamoto halipiti, na mapaa ya makuti upande wa Langoni hushikana. Mapendekezo yenye akili ni pampu ndogo za kusukumwa, vituo vya maji kila umbali fulani, na njia ya kuvuta maji ya bahari kutoka ukingoni. Bodaboda kuingia mjini ni mjadala wa aina hiyohiyo, na mwanafunzi anayeandika kwamba ipigwe marufuku bila kusema mama mjamzito wa Langoni atafikaje hospitali hajamaliza kazi yake.

Kingine ni saruji. Ukuta wa matumbawe wenye unene wa karibu nusu mita hupumua: unyevu hupanda kutoka chini na kutokea kwenye plasta ya chokaa. Mtu akipiga saruji juu yake kwa sababu ni rahisi na hukauka upesi, unyevu na chumvi hufungiwa nyuma. Chumvi huganda, jiwe hulika na kuwa unga, na baada ya muda plasta huanguka bamba zima. Hapo mwenye nyumba hupiga saruji nene zaidi. Ukikagua majengo, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Sauti tupu chini ya saruji ni dalili kwamba imeshaachana na jiwe.

Ramani zangu zimehama karibu mita 300. Nimekosea wapi?

Hili huulizwa kila muhula. Ramani za zamani za Kenya za 1:50,000 zimejengwa juu ya msingi wa vipimo (datum) uitwao Arc 1960. GPS na picha za setilaiti hutumia WGS84. Ukizipachika pamoja bila kubadilisha, zitaachana karibu mita 300, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Nyumba za ukingoni Lamu huonekana zinaelea mkondoni.

Dawa: ndani ya programu, ipe ramani ya zamani msimbo halisi wa mfumo wake wa vipimo, EPSG 21037, na kazi yako yote iweke kwenye EPSG 32737. Lamu na Malindi zote ziko ukanda wa 37 kusini. Halafu hakiki kwa kitu kisichohama, kona ya Ngome ya Lamu kwa mfano. Usiisogeze ramani kwa mkono mpaka ikae. Itakaa pale unapotazama na kupotoka kwingine.

Ramani za mipaka ya ploti za ofisi ya ardhi ni shauri jingine. Nyingi ni za kuonyesha mpangilio tu, hazina usahihi wa kupimia. Usizitumie kudai kwamba ukuta wa mtu umeingia barabarani mita moja.

Nihoji kaya ngapi?

Wengi huandika 384 kwa sababu wameiona kwenye tasnifu ya mwenzao. Namba hiyo ni ya umma mkubwa sana, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5. Mtaa ukiwa na kaya 1,200, unairekebisha: 384 ugawanye kwa (1 + 383/1,200), unapata 291. Ongeza asilimia 10 kwa watakaokataa au kutokuwepo, zinakuwa 320. Kisha 1,200 kwa 320 ni 3.75; ishushe hadi 3 ili usipungukiwe, basi piga hodi kila kaya ya tatu, ukianza na moja uliyoichagua kwa bahati nasibu kati ya tatu za mwanzo.

Kaya, si nyumba. Jengo moja la Mkomani linaweza kuwa na kaya tatu, na jengo la kupangisha la Malindi likawa na kumi. Na kama unapima kwa wiki moja huna haja ya 291. Kaya 60 zilizohojiwa vizuri pamoja na vikundi vinne vya majadiliano zitakupa zaidi, mradi usidai asilimia zake ni za mtaa mzima.

Nahitaji vibali gani kabla ya kwenda mitaani?

Barua ya chuo, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kisha kuripoti kwa kamishna wa kaunti na idara husika ya kaunti. Ndani ya mji wa kale, ofisi ya Makumbusho ya Taifa nayo ijue. Baada ya hapo chifu, halafu mzee wa mtaa, na huyu wa mwisho ndiye atakayefungua milango. Leseni uiombe mapema. Kusubiri kwake ndiko kunakokula likizo ya watu.

Ushauri mmoja: mpe mzee wa mtaa nakala ya hojaji aisome kabla. Atakuambia swali lipi litawaudhi watu, na mara nyingi huwa ni lile la mapato.

Niende msimu gani?

Masika, Aprili hadi Juni, ni wakati mzuri wa kuona maji yanakosimama na mbaya wa kutembea na karatasi. Utalii wa Malindi hupungua miezi hiyo, kwa hiyo ukihesabu msongamano wa magari au maji yanayotumiwa na hoteli utapata picha ya mji uliolala. Rudia hesabu Desemba. Wakati wa Maulidi Lamu hujaa wageni na hakuna mwenye nafasi ya hojaji. Ramadhani nenda asubuhi au baada ya tarawehe, usiende kati ya alasiri na futari.

Ukipima ufuo, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Kanuni za upimaji zinataka, kwa kawaida, ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji makuu uachwe kwa matumizi ya serikali ardhi ya serikali inapogawiwa. Alama hiyo haionekani siku za maji mafu. Nenda bamvua, maji yakijaa kabisa, uweke alama, ndipo upime hadi kwenye uzio. Hesabu pia njia za kushukia pwani zilizoko kwenye ramani na zile ambazo bado unaweza kuzipita kwa miguu. Ni tasnifu fupi, nyepesi kwa gharama, na haizeeki.

Mkutano wa wananchi niuendesheje usiwe wa kutia saini tu?

Panga baada ya adhuhuri au baada ya alasiri, usikatize swala. Kama wavuvi ni walengwa, saa huamuliwa na maji. Wanawake wakae kikao chao, chenye mwendeshaji mwanamke, kisha vikao viwili viungane. Kwenye kikao cha pamoja pekee wazee wa kiume watazungumza hadi muda uishe.

Chapisha ramani kubwa, karatasi ya A0 kwa kipimo cha 1:1,000. Itachukua eneo la mita 841 kwa 1,189, ambalo linatosha mtaa mzima. Ilaze chini, isitundikwe, na uielekeze kama mahali palivyo: pwani iwe upande wa pwani, bara upande wa bara. Watu hujitafuta kwa msikiti, kisima na mwembe, kwa hiyo viandike. Wape kalamu. Kama hakuna aliyechora juu ya ramani yako mwisho wa mkutano, hukushirikisha mtu.

Sheria zipi nizijue kabla ya mwaka wa tatu?

Katiba ya 2010, hasa vifungu vya 10, 42, 43, 60 na 184. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019, ambayo ndiyo msahafu wa kazi. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 pamoja na marekebisho yake ya 2019, ambayo yaliteremsha kiwango cha manispaa hadi watu 50,000. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, Sheria ya Mazingira ya 1999, na ukiwa Lamu, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006.

Katika ile ya 2019 kariri muda. Ombi la kuendeleza ardhi likikaa siku 60 bila jibu la maandishi, huhesabika limekubaliwa. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya kaunti. Watu hupoteza haki zao kwa kutojua hizo 14, na mwanafunzi aliye mafunzoni kaunti anaweza kuulizwa swali hilo siku ya kwanza mapokezini.

Maji ya Lamu yanahusiana nini na mipango? Hiyo si kazi ya mhandisi?

Mhandisi atakuambia ni lita ngapi zinapatikana. Mahali pa kujenga ni swali lako. Maji matamu ya mji wa Lamu yanategemea matuta ya mchanga ya Shela: mvua huzama, ikaelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kanuni, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba karibu mita 40 chini yake. Ukivuta ukateremsha uso wa maji mita 1, mpaka wa chumvi hatimaye hupanda kiasi kile kile cha 40. Kwa hiyo hoteli moja yenye bwawa juu ya matuta inaweza kuharibu kisima kilicho mbali nayo, na kisima kilichoingia chumvi huchukua miaka mingi kurudi, kama kitarudi. Ramani ya matumizi ya ardhi ya Shela isiyoanza na mstari wa chanzo cha maji haifai kupitishwa.

Nitahitaji kompyuta ya namna gani?

RAM ya gigabaiti 8 inatosha kwa QGIS, ambayo ni ya bure; 16 ukitaka kuchakata picha za droni. Kwa hojaji tumia KoboToolbox, inafanya kazi simuni bila intaneti na unapakia ukirudi. Kwa ramani ya msingi kuna OpenStreetMap, lakini ihakiki kwa miguu, maana vichochoro vya Lamu vimechorwa na watu wengi wenye uangalifu tofauti. Kalamu na karatasi ya kufuatishia bado vinahitajika studioni.

Kazi ziko wapi baada ya kumaliza?

Kaunti, bodi za manispaa, Tume ya Taifa ya Ardhi, wizara, makampuni binafsi ya upangaji na mashirika ya makazi. Tangu ugatuzi wa 2013 kaunti ndizo zenye wajibu wa kupanga, ingawa kuwa na wajibu na kuwa na bajeti ya kuajiri ni mambo mawili. Soko la haraka zaidi ni binafsi: maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi na ya kugawa ploti huhitaji ripoti ya mpangaji aliyesajiliwa.

Usajili haupatikani siku ya mahafali. Unafanya kazi chini ya mpangaji aliyesajiliwa, unaweka kumbukumbu ya kazi ulizoshiriki, kisha bodi inakupima. Anza kumbukumbu hiyo wakati wa mafunzo ya kazini: tarehe, mradi, ulichofanya wewe mwenyewe, saini ya msimamizi. Saini zichukue hapohapo, maana wasimamizi huhamishwa.